Haibridi: unachookoa sheli unakirudisha gereji?

Tausi77

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Gari langu ni sedani ya petroli, injini ya lita 1.5, gia otomatiki. Nimekaa nalo miaka tisa na sasa limechoka, mafuta linakunywa kuliko zamani. Kazini ni kilomita 22 kwenda na 22 kurudi, siku tano kwa wiki. Asubuhi hizo kilomita 22 zinanichukua dakika 70, kwa hiyo mnaweza kuipata picha ya foleni yenyewe. Safari ndefu ni mara moja kwa miezi miwili.

Nimeonyeshwa haibridi ndogo mbili zilizotumika (yale magari ya petroli yenye pia mota ya umeme na betri yake kubwa), moja ya mwaka 2014. Muuzaji anasema zinakwenda kilomita 35 kwa lita. Shemeji yangu, ambaye ndiye anayenitengenezea gari siku zote, anasema betri ikifa umebaki na bodi tu, na kwamba kila ulichookoa sheli utakirudisha gereji kwa mkupuo mmoja. Wote wawili wanaongea kwa uhakika, ila mlipaji ni mimi.

Aliyewahi kuitumia mwenyewe aniambie: inaokoa kiasi gani, na baada ya muda gani?

MwendoMrefu

Dada, mimi nilikuwa nayo nikaiuza. Kazi yangu ni ya barabara kuu. Natoka saa kumi na moja alfajiri, njia nyeupe, kasi 110 mwanzo mwisho. Gari langu la petroli lilikuwa linakula lita 6.3 kwa kilomita 100, haibridi ikanipa 5.5. Yaani bei yote ile ya ziada niliilipia hiyo 0.8. Gari lilikuwa zuri, halikunisumbua hata siku moja, ila hesabu ilikataa. Nakushauri uachane nayo.

Daftari

Dada Tausi, alichokwambia MwendoMrefu ni kweli tupu, ila usimfuate. Barabara yake siyo yako.

Mimi huu ni mwaka wa tano na haibridi. Kwenye mfuko wa mlango wa dereva kuna daftari dogo, na kila nikijaza mafuta naandika vitu vitatu: tarehe, kilomita, lita. Tabia hiyo niliianza nikiwa bado na gari la petroli, nalo injini yake ilikuwa lita 1.5, njia ni ileile ya kazini na dereva ni mimi yuleyule. Kwa hiyo nikilinganisha, nalinganisha kitu na mwenzake.

Kwenye foleni, lile la petroli lilikuwa linakula lita 9.4 kwa kilomita 100. Haibridi inakula 5.3. Kwenye safari ndefu lile lilikuwa 6.6, hii 5.2. Angalia pengo lilivyo: mjini lita 4.1, safarini 1.4. Gari ni moja, lakini faida yake kwenye njia moja ni karibu mara tatu ya njia nyingine. Ndiyo maana huyu atakwambia nunua na yule atakwambia usinunue, na hakuna anayekudanganya.

Sababu yake ukiielewa hutahitaji tena kumwuliza muuzaji. Chukua gari la kilo 1,300 likiwa kasi ya 50. Ukikanyaga breki mpaka likasimama, nguvu yote iliyokuwa kwenye mwendo inageuka joto kwenye diski na kupotea hewani. Nilikaa jioni moja nikaipigia hesabu: kulirudisha gari hilo kwenye kasi ya 50, injini ya kawaida inachoma petroli kama mililita 16. Kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Ukisimama hivyo mara sitini na kitu, umemwaga lita nzima kwenye pedi za breki. Halafu ukiwa umesimama, injini inaunguruma bure, na kwa gari dogo lenye AC iliyowashwa hiyo ni kama robo tatu ya lita mpaka lita nzima kwa kila saa.

Haibridi inafanya kazi mahali hapo. Ukigusa breki, mota ya umeme inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya kile kijiko kwenye betri. Ukisimama, injini inazima yenyewe. Gari la mbele likisogea, unasogea kwa umeme uleule uliouokota sekunde chache zilizopita, injini ikiwa kimya. Asubuhi ya kwanza nikiwa nayo kwenye foleni nilisikia mazungumzo ya watu wa gari la jirani, maana kwangu hakukuwa na mlio wowote.

Barabara kuu hakuna kijiko cha kuokota. Nguvu unayoitumia kusukuma upepo hairudi. Kinachobaki ni injini yenyewe, ambayo kwa haibridi nyingi kama Toyota Prius ni ya mzunguko wa Atkinson: inabana mafuta vizuri ila ni nzito kuondoka, na mota ndiyo inayoisaidia kwenye kuondoka. Ipo faida, lakini ni ndogo.

Kama hutaki kuamini daftari la mtu usiyemjua, angalia vipimo vya EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, vya Toyota Corolla ya 2020, kwa sababu ile iliuzwa kwa aina zote mbili. Nikizigeuza maili zao kuwa lita: ya petroli ilipewa 7.8 kwa kilomita 100 mjini na 6.2 barabara kuu. Ya haibridi, 4.4 mjini na 4.5 barabara kuu. Pengo la mjini ni 3.4, la barabara kuu ni 1.7, nusu yake. Na ukiongeza mwendo mpaka 110 kama MwendoMrefu, hilo la pili linazidi kusinyaa.

Ile 35 ya muuzaji nayo ina asili yake. Toyota Aqua, haibridi ndogo, ilipotoka Japani Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo chao cha wakati ule kilichoitwa JC08. Kipimo hicho kilifanyiwa ndani ya maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya mashine, kasi ya juu kabisa haikufika 82, AC imezimwa. Mimi kwa miaka mitano tanki langu bora kabisa lilitoa kilomita 21 kwa lita. Ukinunua ukiwa na 35 kichwani utalichukia gari bure.

Sasa pesa. Mimi sihesabu kwa fedha, maana bei ya mafuta inapanda na kushuka na inakuvuruga. Nahesabu kwa lita. Chukua bei ya haibridi, toa bei ya gari la petroli la hadhi hiyohiyo, baki ugawe kwa bei ya lita moja. Kwangu ilitoka lita 1,400: yaani kabla sijaiwasha, haibridi yangu ilikuwa na deni la lita 1,400. Kwa mwaka natembea kilomita 15,000, kati ya hizo 11,000 ni za foleni. Faida ya mwaka ikawa lita 507. Deni liliisha baada ya miaka miwili na miezi tisa hivi.

Mwaka wa nne betri ikafa. Sitaki kukuficha hilo, maana shemeji yako ana haki ya kuogopa.

Ilikuwa kwenye mlima mrefu, watoto wako nyuma. Nguvu zikapungua ghafla, dashibodi ikawasha pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, na kule nyuma nikasikia feni inalia kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuisikia. Nilisimama pembeni. Gereji ya kwanza wakaniambia ninunue betri nzima mpya na wakaishia hapo. Fundi wa pili alifungua mlango wa nyuma, akainama kwenye ubavu wa kiti, akaondoa blanketi la mwanangu. Chini yake palikuwa na kidirisha chenye vipande kama vya mbavu, cha plastiki. Hapo ndipo betri inapovuta hewa ya kujipoza. Akakitoa, ndani mna kichujio, na kile kichujio kilikuwa kama kipande cha sufi: vumbi, nyuzi za blanketi, nywele, makombo ya biskuti yamegandiana. Miaka minne nilikuwa nabadilisha oili kwa tarehe, lakini pale sikuwahi kupagusa. Betri ilikuwa imeiva taratibu. Nilifungiwa iliyokarabatiwa, yenye dhamana ya maandishi, na gharama yake yote ilikuwa sawa na lita 600.

Kwa hiyo hesabu yangu yote ni hii. Miaka mitano nimeokoa lita 2,535. Toa 1,400 za bei, toa 600 za betri. Mfukoni nimebaki na lita 535, na laiti ningelisafisha kile kidirisha zingekuwa zaidi ya elfu moja. Siyo utajiri, lakini siyo hasara aliyoitabiri shemeji.

Kabla hujanunua chochote nifanyie kazi mbili. Jaza tanki mpaka bomba la pampu likatike lenyewe, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, tembea wiki mbili, jaza tena pampu ileile, gawa lita ulizojaza kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Usitegemee kioo cha dashibodi, cha kwangu hunipendelea kila tanki. Ya pili: asubuhi moja hesabu unasimama mara ngapi, na dakika ngapi umesimama kabisa.

Fundi_Spana14

Daftari ameeleza vizuri. Mimi nafungua haya magari kila wiki, naongeza ya upande wangu.

Kwanza tutenganishe, maana neno haibridi wanalibandika kila kitu. Kuna haibridi nyepesi, kama zile Suzuki ndogo ambazo jenereta yake inasaidia injini kidogo tu wakati wa kuondoka. Hizo mota yake haina nguvu ya kulipeleka gari mbali injini ikiwa imezimwa, na faida yake ni ndogo. Kuna haibridi kamili kama Prius na Aqua. Kuna Nissan Note e-Power iliyotoka 2016, ambayo injini haizungushi tairi kabisa, inazalisha umeme tu. Na kuna za kuchomeka kwenye umeme kama Outlander PHEV. Hiyo ya mwisho kama huna pa kuchomekea usiku usiiguse, utakuwa unabeba uzito wa betri kubwa bila kazi.

Pili, betri. Kwenye Prius ya kizazi cha pili utakuta moduli 28, yaani betri ndogondogo, zimepangwa kama vitabu kwenye rafu, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Kompyuta inazisoma mbili mbili, kwa hiyo unapata mafungu 14. Betri yenye afya, mafungu yote yanakwenda pamoja. Betri mgonjwa, fungu moja linaanguka ukikanyaga mafuta na linaruka juu ukikanyaga breki. Hayo hayaonekani gari likiwa limesimama uani kwa muuzaji, kwa hiyo chomeka mashine ya kupima, kaa kiti cha abiria, mwambie mtu aendeshe mlimani huku unaangalia namba. Muuzaji akikataa hilo, ondoka.

Tatu, akitokea mtu wa kukubadilishia moduli moja iliyokufa na kuacha zile nyingine za zamani, mkatalie. Mpya inakaa na wazee, baada ya miezi michache inakufa ya pili, halafu ya tatu. Nimewapokea wengi waliokuja mara tatu kwa ugonjwa uleule.

Nne, msichanganye betri mbili. Kuna ile ndogo ya volti 12, kwenye nyingi iko nyuma kwenye buti. Ikichoka gari haliwaki kabisa, na mtu anaanza kulia kwamba betri ya haibridi imekufa. Nimeshamwona mtu amekubali kuuza gari kwa bei ya kutupa kwa sababu ya betri ya kawaida kabisa. Iliniuma.

Na nyaya za rangi ya chungwa asizishike mtu asiyefundishwa. Hata ukishachomoa kizibo cha usalama kinachokata umeme wa betri, ndani ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa mota, umeme unabaki kwa dakika kadhaa. Hapo pana mauti.

Kwa upande wa nafuu: kwenye Prius na Aqua hakuna stata ya kuungua, hakuna alteneta, hakuna mkanda wa alteneta. Pedi za breki zinakaa sana, kwa sababu mota ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Hizo gharama zisizokuja watu hawazihesabu.

MwendoMrefu

Fundi, nakubali. Nilijibu kwa njia yangu bila kusoma vizuri njia yake. Dada Tausi, kwa dakika 70 za kilomita 22 ningekuwa wewe ningehesabu upya.

Tausi77

Asanteni sana. Nimefanya kazi niliyopewa.

Karibu wiki mbili: kilomita 412, lita 40.4. Inatoka 9.8 kwa kilomita 100. Kusema kweli nilidhani ni 8, maana ndivyo dashibodi inavyonionyesha.

Jumatano nilihesabu. Nilikuwa nasema kwa sauti, binti yangu anaweka mistari kwenye karatasi. Kusimama kabisa mara 31 kwenda tu. Muda wa kusimama bila kusogea, dakika 24 kati ya 70. Sikuwahi kuliona hilo. Theluthi ya asubuhi yangu gari liko palepale na injini inawaka.

Nimepiga hesabu ya lita kama alivyosema Daftari. Tofauti ya bei kati ya haibridi ya 2014 na la petroli la kulinganisha nalo ni kama lita 1,700. Kwa mwaka natembea kilomita 11,600. Nikichukua kwamba haibridi itanipa 5.5, naokoa karibu lita 500. Deni linaisha miaka mitatu na miezi mitano hivi. Nikiweka akiba ya betri lita 600, linafika miaka minne na miezi saba. Mimi gari nakaa nalo miaka tisa. Nimekosea popote?

Daftari

Hujakosea. Umeweka betri kwenye hesabu kabla haijafa, jambo ambalo mimi sikulifanya, na lile pigo la mwaka wa nne liliniingia kwenye ada ya shule.

Ninalotaka uongeze ni moja tu: usiwe na haraka ya gari hilo hilo la 2014. Hesabu yako inasema haibridi inakufaa, haisemi kwamba ile inakufaa. Betri iliyotunzwa inakaa sana. Toyota kule Marekani walikuwa wanaipa dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, na kuanzia magari ya mwaka 2020 wakaipandisha mpaka miaka 10 au maili 150,000, zaidi ya kilomita 240,000. Kampuni haiwezi kuandika hivyo kwa kitu kinachokufa ovyo. Lakini dhamana haijui ya kwako imelala chini ya blanketi la nani.

Na unapoendesha, jifunze kugusa breki mapema na kwa upole. Ukikanyaga ghafla, breki za kawaida ndizo zinazofanya kazi na kile kijiko kinamwagika kama zamani. Mimi hilo peke yake lilinishusha kutoka 5.9 mpaka 5.3 ndani ya miezi miwili.

Tausi77

Narudi na majibu ya Jumamosi. Nilikwenda na shemeji, nikamwomba aje na mashine ya kupima, na kwa kweli alikuja na moyo mweupe.

Ile ya 2014 tuliipeleka mlimani. Shemeji anaendesha, mimi nasoma namba. Mafungu yote yalikuwa yanapishana kidogo sana, isipokuwa la nne. Kila akikanyaga mafuta, lile linaanguka chini ya wenzake kwa zaidi ya volti moja, akigusa breki linapanda juu yao wote. Ilikuwa kama mlivyoandika hapa, mpaka nikashangaa. Tulirudi, shemeji akafungua kile kidirisha cha ubavuni. Kichujio hakipo kabisa, mtu alishakitoa akakitupa, na mapezi ya feni yamevaa vumbi nene kama manyoya. Nilimwomba muuzaji apunguze lita 600 kwenye bei. Akakataa, nikamshukuru nikaondoka.

Ya pili ni ya mwaka 2016, imetembea zaidi, lakini mwenye nayo ana risiti za kila matengenezo kwenye bahasha, na moja imeandikwa kusafisha feni ya betri. Mlimani namba zote zilikwenda pamoja. Shemeji alikaa kimya njia nzima, tulipofika chini akaniambia, "Hii chukua." Bei iko juu kidogo kwa kama lita 200, kwa hiyo nimejiongezea miezi mitano kwenye hesabu. Jumatatu tunaandikishana.

Fundi, swali moja. Kile kichujio nikisafishe kila baada ya muda gani? Na nakiosha kwa maji?

Fundi_Spana14

Hongera dada, na mpe shemeji heshima yake.

Kitoe, kikung'ute, kipulize kwa hewa ya kompresa ukiwa nje ya gari. Kikiwa kichafu sana kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ila kikauke kabisa kabla ya kukirudisha, hata ikibidi kilale siku nzima, maana unyevu wowote feni itaupeleka kwenye betri. Kila miezi sita. Ukiwa unabeba watoto nyuma, kila mitatu.